Gololi

Walinichukua kwa sababu ya mkono.
Si akili, si cheti. Mkono:
mwembamba, wa kuzama hadi kiwiko
kwenye bomba la inchi tatu.
Fundi Nzobonaliba alinipima pale mlangoni,
kidole gumba na cha kati vikazunguka kifundo changu
vikapishana. Akasema, Anafaa.

Mabomba tulijikunjia wenyewe, Mwanga,
nyuma ya kinu cha mawese.
Mchanga wa Kibirizi unaanikwa siku mbili juu ya turubai
ukauke hasa,
maana mchanga wenye unyevu ukiupasha moto hulipuka;
Fundi alikuwa na kovu shingoni
lililosema hivyo kwa niaba yake.
Tunajaza, tunashindilia, tunaziba ncha kwa vigingi vya mninga.
Mkaa, feni ya kuzungushwa kwa pedeli, chuma kinaiva kama pilipili,
halafu taratibu, taratibu,
kama unamgeuza mgonjwa kitandani,
kona.

Watoto walikuja kutazama hayo.
Kazi yangu hakuna aliyeitazama. Ilikuwa ndani.

Ndani ya maungio, kuchomelea huacha matone yaliyoganda,
ndimi, miba, vigimbi vya chuma.
Moshi hauna macho, alisema Fundi, lakini una haraka.
Ukijikwaa hapa unarudi kumsukuma mwenzake,
naye anamsukuma wa nyuma yake,
mwisho injini inameza pumzi yake yenyewe
iliyokwisha kuchacha.

Basi nilisugua.
Tupa ya mviringo kwanza, kisha msasa namba sitini
uliobanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa ncha,
kisha themanini, kisha mia na ishirini,
kisha kidole kitupu,
kwa sababu kidole hakijui kubembeleza.
Ngozi ilikwisha. Nikimega ugali wa moto naona nyota.
Mama akaniuliza: unasugua nini huko kisichoonekana?
Hamenya, mwenye Fuso, aliuliza vilevile,
ila yeye aliuliza ili apunguziwe bei.

Jioni Fundi akatoa gololi mfukoni,
ya kijani, yenye jicho la njano.
Akaliinamisha bomba, akaiachia, akatega sikio.
Krrrrrr, tk.
Tk moja tu.
Akanirudishia bomba bila neno.
Mara nne hivyo. Mara ya nne umeme ukakatika
nikaendelea kusugua gizani, na haikuwa tofauti:
ndani ya bomba ni usiku hata saa saba mchana.

Siku ya tatu gololi ikashuka kama mate kooni.
Hakusema vizuri. Alisema, Funga.

Fuso ikapanda Kalinzi na mifuko mia na arobaini ya saruji,
gia ya tatu, pale ilipozoea kuombaomba ya pili,
na utingo, ambaye kona ile huishuka mbio
na gogo lake la kuzuia tairi,
safari hii alipitiliza amelala.
Hamenya alirudi Jumatatu. Hakushukuru.
Alisema gari la shemeji yake nalo
linakohoa.

Hiyo ni zamani. Mkono wangu umejaa,
pete ya ndoa yenyewe naivua kwa sabuni,
na mabombani anaingia kijana mwingine, Ntahondi,
tuliyempima mlangoni palepale.
Fundi grenda zimemla masikio.
Lakini gololi bado anaitunza yeye, mfukoni, na tumbaku.
Anaiachia, anainama, anategea mahali
pasipomjia tena sauti yoyote,
halafu anainua uso
na kunitazama mimi.

Leo mwenye gari amesimama, funguo mkononi,
fedha ameshaihesabu mara mbili juu ya meza.
Krrrrrr.
Tk.
Ndogo mno. Mbegu ya nyanya.
Ntahondi anatazama viatu vyake.
Fundi ananingoja.

Bado, nasema, kwa kichwa, ili anielewe.
Nanyoosha mkono kuchukua kijiti.